Mama, Wamempa Kikombe cha Wageni na Yeye Analia kwa Furaha

Mama yangu mpendwa,

Nimesoma kitabu kibovu na sina wa kumsimulia. Tangu ulipotutoka nimesoma vibovu na vizuri bila mtu wa kunikatiza, na leo nimechoka kunyamaza. Kwa hiyo kaa vizuri nikusimulie. Najua utauliza kama kuna maiti. Ipo. Mapenzi nayo yapo, tele, na nitayaruka kama ulivyoniagiza siku zote.

Unazikumbuka Jumapili zetu. Mimi niko Rissne, huku Uswidi, nimetoka kanisani, viatu vinachuruzika theluji mlangoni, simu nimeiegemeza kwenye bakuli la sukari. Wewe uko Voi, umekalia kigoda chako unachambua mchicha, na kwenye simu ninaona paji la uso na jicho moja tu, maana hukuwahi kukubali kuishika sawasawa. Wiki nzima nilikuwa nikisoma riwaya za upelelezi kwenye treni ya kwenda kazini hospitali, kule Flemingsberg, halafu Jumapili nakusimulia kwa Kiswahili kana kwamba niliyaona mwenyewe. Wapenzi wakianza kusogeleana unapiga kelele, "Hapo ruka! Turudi kwenye maiti." Na muuaji ulimjua kabla yangu, bila kusoma ukurasa hata mmoja. Ulikuwa ukiuliza, "Nani alileta chakula kabla hajaambiwa kuna msiba? Huyo huyo. Mkamateni." Sikuwahi kukushinda.

Haya. Kitabu chenyewe ni cha Marekani, majimbo ya kusini, kwenye joto na nyumba za nguzo nyeupe. Mwanamke anaitwa Lorna. Aliondoka kwao zamani, anaishi mji mkubwa, na siku moja anapigiwa simu kwamba kuna msichana amepotea na kaka yake ndiye anayeshukiwa. Basi anarudi nyumbani. Anarudi na begi moja, Mama. Begi moja! Miaka yote hiyo hayupo, anaingia kwao na nguo zake mwenyewe, hajaleta hata sabuni ya kunukia, na hakuna shangazi anayemtazama mikono. Chumba chake kimeachwa vilevile, kitanda kimetandikwa, wanasesere wamepangwa dirishani wanamsubiri. Ungecheka mpaka mchicha ukumwagikie. Mimi niliondoka Voi asubuhi, na jioni Kaka Mwakio alikuwa ameshaingiza baiskeli yake chumbani mwangu.

Kuna mpenzi wake wa shuleni ambaye sasa ni askari na ana macho ya buluu, nayo yanatajwa kila anapoingia mlangoni, kana kwamba yanaweza kubadilika rangi tukisahau. Kuna mtu anayemwekea Lorna maua yaliyokauka kwenye gari. Na kuna mwanasheria wa familia, mzee mpole wa tabasamu, ambaye jioni ileile Lorna anapofika anabisha hodi na mkate wa matunda ungali moto. Hakuna aliyemwalika. Mwandishi anahitaji kurasa mia tatu zaidi kunifunulia kwamba muuaji ni yeye. Wewe ungemkamata akiwa bado anafuta viatu mlangoni.

Sasa sikia aibu yenyewe. Kitabu hiki tumekisoma kwenye chama chetu, sisi wanawake wa Kenya, Burundi, Kongo na kwingineko tunaokutana Jumamosi kwenye chumba cha nyuma cha maktaba. Tuna chai ya chupa, tuna mandazi, na tuna maoni. Kitabu kilipoisha wote walishangaa. "Yule mzee mpole? Nani angedhani!" Watu wazima, Mama, wamezika, wamezaa, wamekimbia vita, na hawajui kwamba anayekuja na chakula kabla ya habari amekuja kuangalia mmejua nini.

Nilidhani labda Waswidi wana akili zaidi, nikamwomba Zawadi, mjukuu wako, anisomee wasomaji wameandika nini mtandaoni. Mmoja amekipa nyota tano kwa sababu alikuwa na mafua na kitabu kikamliwaza. Mwingine anasema ni kitabu kizuri cha kusoma umejifunika blanketi. Wa tatu amevisoma vitabu hivi vya kusini mpaka anajisikia na yeye ni wa huko, na hajawahi kutoka Ulaya. Mmoja tu amekata nyota mbili, kwa sababu mbwa anayetajwa mwanzoni hakutajwa tena mpaka mwisho. Huyo ndiye niliyemheshimu. Zawadi aliponiona navuta pumzi akaniambia kwa lugha yake, "Mamma, det är bara en bok." Eti ni kitabu tu. Angejua bibi yake alivyomlaani daktari mmoja wa riwayani kwa miezi, mpaka akamtaja kwenye maombi ya jumuiya.

Lakini sikuketi kukuandikia kwa sababu ya mwanasheria na mkate wake. Ninakuandikia kwa sababu Desemba wanaweka msalaba kaburini kwako, na wifi Grace, mke wa Kaka Mwakio, ambaye sasa ndiye mwenye nyumba yako, amenipigia kuniuliza nitafikia wapi. Aliuliza kwa upole sana. "Wifi, tukutafutie hoteli pale mjini? Nyumbani kuna joto, na wewe umeshazoea kwingine." Nikamwambia nitamjibu. Nikakata simu nikabaki nimeishikilia, maana nyumba ile nilizaliwa ndani yake, na sikujua kama bado ni yangu kulala. Jibu hilo sikuwa nimelitoa siku niliyokwenda chamani, na usije ukadhani hasira yangu ya siku hiyo ilikuwa ya fasihi tu.

Njeri ndiye aliyesoma kwa sauti siku hiyo. Ni mhasibu, Mkenya mwenzetu, sauti yake nzuri kama ya mtangazaji, na kilio chake kiko karibu. Alituchagulia mahali pale ambapo Lorna amefika, na mama yake, badala ya kusema neno, anakwenda kwenye kabati la vioo, anatoa vikombe vya marehemu bibi, vile vyembamba vyenye ukingo wa dhahabu ambavyo havitolewi ila kwa askofu, na anammiminia binti yake chai. Lorna anakishika kile kikombe na machozi yanamtoka. Amejua kwamba amesamehewa. Amefika nyumbani.

"Wueh," Njeri akasema, "hapo mimi nililia hadi tishu zikaisha kwa nyumba."

Mama Aline, yule Mrundi mkimya anayeleta mandazi, alikuwa anajifuta macho na ukingo wa kitenge. Chumba kizima kilihema. Na mimi, Mama, nikaangua kicheko. Sikukusudia. Kilinitoka kikubwa, kile chako, cha kutupa kichwa nyuma.

Njeri akaniuliza nini kinachochekesha. Nikasema, "Huyo hajakaribishwa. Huyo amefukuzwa, na hajui."

Walinitazama kama nimetukana kanisani. Nikajaribu kueleza nikashindwa, maana kueleza kungetaka niwaambie habari zetu mimi na wewe, na habari zetu si za kutafunwa pamoja na mandazi. Wewe nitakukumbusha, ingawa unaijua.

Mara ya kwanza niliporudi Voi nilikuwa nimekaa huku miaka mingi kupita kiasi. Mimi sikuja na begi moja, nilikuja na masanduku mpaka mwenye teksi akalalamika. Ulinipokea mlangoni, ukaniombea, ukanikalisha kwenye kiti chenye kitambaa, halafu ukaenda kwenye kabati. Nilikuona kwa nyuma ukiufungua ule mlango wa kioo unaolia. Ukatoa kikombe cha waridi chenye ukingo wa dhahabu, pamoja na kisahani chake, ukakifuta kwa leso. Kile ambacho nilipokuwa mtoto nilichapwa kwa kukigusa tu.

Nikakuambia, "Mama, nipe kile cha bati."

"Kitakuunguza midomo. Umezoea vya huko."

"Kwani mimi mgeni?"

"Kunywa, chai inapoa."

Sikuwahi kujua kwamba chai inaweza kuuma hivyo. Ukaniachia kitanda chako, ukalala kwenye mkeka nami nakukataza. Ukanichemshia maji ya kuoga. Nikishika ufagio unaninyang'anya, nikiingia jikoni unanitoa, majirani wakija wananipa mkono kwa mikono miwili kana kwamba nimekuja kufungua zahanati. Ulikuwa unanipenda, hilo silitilii shaka, lakini ulinipenda kama anavyopendwa mtu atakayeondoka. Kila asubuhi kikombe cha waridi, kila asubuhi kisahani.

Halafu ikafika asubuhi ile karibu na mwisho wa likizo. Nimelala, mchovu wa kusalimiwa, mara pazia likavutwa kwa nguvu na jua likanipiga usoni. "Wewe! Umelala mpaka saa hizi, nani atafungulia kuku?" Nikaruka. Nikafungulia kuku na nguo ya kulala. Niliporudi ulikuwa unahangaika na moto, una hasira na kuni mbichi, na bila kunitazama ukanisukumia kikombe cha bati, kile cheupe kilichobanduka, chenye mstari wa buluu uliokatika, chai ina utando wa maziwa juu. Nilikinywa nimesimama mlangoni. Kiliniunguza midomo kama ulivyosema. Hukuona nilivyofurahi, na mimi sikukuambia, kwa sababu ungegundua ulichofanya ungekimbilia kabatini. Siku ile ndiyo niliyorudi nyumbani, Mama. Zile nyingine zote nilikuwa njiani.

Sasa niambie wewe mwenyewe, nikikutana na mwandishi anayemliza msomaji kwa kikombe cha dhahabu, nisimdharau? Huyo hajawahi kurudi popote. Amekaa kwake, hajamlilia mtu aliye mbali, akawaza kwamba kupendwa ni kutolewa vyombo. Na wasomaji wake wanampa nyota.

Ila chama hakikukubali dharau yangu ipite bure. Bénédicte, Mkongo, ambaye husema mara moja kwa kikao, akafunga kitabu chake akauliza kwa Kiswahili chake chenye Kifaransa, "Mais ule mama wa jikoni, yeye anarudiaka kwao siku gani?" Alimsema mpishi mweusi wa nyumba ile, ambaye jina lake la pili hatupewi, na ambaye Lorna anapofika analia kuliko mama mzazi. Mimi mwenyewe, na ujuaji wangu wote, nilimpita yule mama mara zote anapoingia na sinia, sikumuuliza kwao ni wapi. Hilo lilinikera zaidi ya mkate wa matunda.

Kisha Mama Aline akanigeukia. Hakukasirika, ingekuwa afadhali angekasirika. "Dada," akasema, "wewe uko na bahati. Unachagua kikombe. Mimi nyumba yetu inakaa watu nisiowajua. Siku wakinifungulia mlango, hata maji wanipe ndani ya kopo, nitamshukuru Mungu."

Nikala andazi lake. Kitabu sikukisamehe, na sitakisamehe, lakini nilijua chozi lake halikuwa la kijinga kama nilivyolidhania, na nilimwomba radhi tukiwa tunavaa makoti. Alinifunga skafu shingoni kama mtoto akaniambia nimpigie wifi yangu, nisimweke mtu akisubiri.

Nikampigia siku hiyohiyo nilipofika nyumbani. Nilimsalimia, nikauliza watoto, nikauliza mvua. Halafu nikamwuliza, "Wifi, kile kikombe cha Mama cha bati bado kipo?"

"Kipi? Kile kilichobanduka?" Nikamsikia anacheka. "Jamani, wifi! Kile tumewawekea kuku maji. Wewe usiwe na wasiwasi, tumeshakununulia seti mpya kabisa, ya maua."

Nilicheka, Mama. Nilicheka kile kicheko chako, kikageuka katikati, na wifi Grace wa watu akawa anauliza, "Wifi? Wifi, nimesema vibaya?" Nikamwambia hajasema vibaya. Nikamwambia hoteli sitaki, nitalala chumba chochote, hata kama kina baiskeli. Nikamwambia seti ya maua awawekee majirani watakaokuja kwenye msalaba, na asinichemshie maji.

Kwa hiyo ninakuja Desemba. Hutakuwepo kuvuta pazia, itabidi niamke mwenyewe. Nitawafungulia kuku, nitawapokonya kikombe mbele ya macho yao, nitakisugua kwa majivu kama ulivyonifundisha, na wifi Grace akikimbilia kabatini nitakuwa nimeshakunywa.

Pumzika sasa. Muuaji alikuwa mwanasheria, umeshinda tena.

Kitinda mimba wako