Cheni Iliyolazimishwa

Baba Pacha,

Ukirudi kutoka kuwapeleka watoto shule, usiweke kitu jikoni. Gesi nimeifunga.

Mimi namfuata mdogo wako kule mlimani anakokata miti. Nimekuta unga wa chuma kwenye meza hii tunayolia chakula, ndipo nikaelewa ulijifungia jana na tupa ya kunolea kufanya nini. Cheni mpya ilikataa kuingia kwenye mfereji wa upanga wa msumeno wake wa mashine, nawe ukayasaga meno yake ya ndani mpaka yakaingia kwa nguvu. Si niliwaambia? Cheni hiyo ni ya msumeno mwingine, hata kwenye gia hailali. Itazunguka kidogo, ipande juu ya gia, kisha iruke. Au ikatike imrudie usoni. Mkanicheka: "Fundi cherehani naye!" Haya. Nashona, ndiyo, na sindano isiyo ya mashine yake naijua inavyovunjika.

Shemeji asubuhi kapita hapa dirishani anapiga mluzi, msumeno begani. Kofia ngumu na glavu kaziacha nyuma ya mlango. Nimempigia, simu yake ikaita hapa hapa kabatini.

Mama yako asijue kwanza. Presha yake unaijua.

Kitini kuna mashuka mawili makuukuu. ~~Yaloweke, nitafua nikirudi.~~

Navaa viatu. Msumeno uliokuwa unalia kule juu umenyamaza ghafla.

Usiyaloweke. Azima gari la jirani, uje na mashuka hayo.

Mama Pacha