Laini ya Mwenyekiti

Jumanne, 2 Mei 1989

Nimechaguliwa! Naandika tena ndio niamini — nimechaguliwa. Barua imekuja leo kwa sanduku la posta la kanisa, stempu ya Kanada, jina langu limepigwa chapa safi kabisa: Miss Nasike Makokha. Miezi sita Halifax, kwa ofisi ya wanawake huko. Wanaita internship. Wasichana wa nchi mbalimbali, tutafundishwa kuongoza mkutano, kuongea na wakubwa wa serikali, kutetea watu bila kupigana. Mama aliposikia hiyo ya bila kupigana akacheka, akasema hiyo angependa kuiona kwa macho yake.

Na kinachonipeleka Kanada ni choo! Ndio, choo. Wanawake wa soko letu hawana choo. Plot ya choo ilikuwako, Mwenyekiti wa chama tawala hapa mtaani akajenga baa juu yake. Mwaka jana Mama Maximilla akatupanga, kikundi chote cha wanawake, tukaenda manispaa. Na kwa sababu mimi ndiye karani wa kikundi, na nimefika Form Six, nikasukumwa mbele nisome maneno yetu. Mzungu mmoja wa kanisa letu alikuwa hapo, akaandikia watu wake Halifax habari zangu. Choo hatujapata mpaka leo. Mimi nimepata Kanada. Dunia hii!

Mama Maximilla amenikumbatia mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Alikuwa mkunga hospitali ya Plateau miaka mingi, mikono bado ina nguvu. Anasema niende, nijifunze yote, nirudi niwafundishe. Nimelia. Yeye pia, ingawa ukimuuliza atakataa.

Alhamisi, 4 Mei

Paspoti. Bila paspoti hakuna Halifax. Na bila barua ya tabia njema kutoka kwa Chifu hakuna paspoti, Nairobi hawataki hata kukuona kwa mlango. Halifax wanataka namba ya paspoti kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo nafasi inaenda kwa msichana mwingine.

Nimekaa kwa benchi ya Chifu tangu asubuhi. Askari wake ananiambia ati Chifu yuko mkutano. Na mimi namsikia Chifu akicheka mle ndani! Mvua ikanyesha, benchi ikalowa, nikahamia chini ya paa. Nimerudi nyumbani na matope na njaa na hakuna barua.

Jumamosi, 6 Mei

Chifu ameniona leo. Amenikaribisha vizuri sana, hata akaniagizia soda. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka.

Aliuliza kama Kanada kuna baridi kuliko hapa Eldoret. Aliuliza habari za Mama, na biashara ya soko. Aliuliza kama nina kadi ya chama. Ninayo. Akaigeuza huku na huku, akanirudishia, akasema kadi ni karatasi, siku hizi hata wezi wanayo. Yeye ataandikaje kwamba nina tabia njema kama hajaniona nikiwa na watu wa tabia njema?

"Tarehe kumi na saba tunapiga laini ya diwani," akasema. "Mimi nitakuwa pale. Nitaangalia umesimama wapi, halafu nitaandika."

Basi. Hakupaza sauti. Hakunitisha. Alinisindikiza mpaka mlangoni kama mgeni wa harusi.

Diwani wetu alikufa mwezi wa pili, ndio maana kuna uchaguzi mdogo. Wanaotaka kiti ni wawili tu. Mmoja ni Mwenyekiti. Wa pili ni Mama Maximilla.

Jumapili, 7 Mei

Sikusikia mahubiri hata kidogo. Nilikuwa nafikiria hii laini yao. Zamani ulikuwa unatia karatasi yako kwa sanduku, wewe na Mungu wako, unaenda nyumbani kupika. Sasa unasimama kiwanjani nyuma ya picha ya mtu, jua linawaka, mtaa mzima unakuhesabu nywele za kisogo. Ati hiyo ndiyo njia ya Mwafrika, haina uongo. Wacha nicheke.

Jumanne, 9 Mei

Sijaambia mtu ila Safia. Baba yake, Mzee Hassan, ana duka hapo mbele ya nyumba yetu, tumekua pamoja. Nilidhani atashtuka. Hakushtuka. Akasema kwao wote husimama na Mwenyekiti kila laini, sababu ya leseni ya duka, baba yake haulizi hata ni nani anashindana. Akasema nisimame, nichukue barua, niende zangu. Halifax hakuna atakayeuliza nilisimama wapi Eldoret.

Nikamwambia kwake ni rahisi kusema. Akaendelea kupima sukari ya mteja. Nimemkosea. Wenye jina kama lake ndio huambiwa warudi kwao kila mtu akikasirika, na kwao ni hapa. Kesho nitamwomba msamaha.

Nimefikiria kujifanya mgonjwa siku hiyo. Malaria, nilale. Lakini Chifu hakusema nisisimame na Mama Maximilla. Alisema ataangalia nimesimama wapi. Kwa kitanda si mahali.

Alhamisi, 11 Mei

Mkutano wa kikundi. Mimi naandika minitsi, kama kawaida. Mama Maximilla amegawa kazi: nani ataamsha nani, nani atabeba watoto wa nani, nani ataenda na wale nyanya wasioona vizuri. Hataki kelele wala matusi. Anasema laini ni kitu cha macho, tukiwa wengi hakuna mtu atatuficha. Wote wakaitikia. Mimi nikaandika wote wameitikia.

Halafu Nelima, yule wa viazi, akatoa tepu akanipima mabega mbele ya watu. Wamechanga, wamenunua uzi, ananifumia sweta ya Kanada! Wengine wanabishana kama iwe na kola. Nikainuka nikatoka nje. Nikasema ni moshi wa jiko. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Jumamosi, 13 Mei

Nimemwambia.

Nilimkuta Mama Maximilla nyuma ya nyumba yake anachambua managu. Nikasema yote bila kupumzika, Chifu, soda, kadi, tarehe kumi na saba. Nilikuwa nimejiandaa anifukuze. Hata nilitaka anifukuze.

Hakuinua kichwa. Akachambua kidogo, akatupa majani mabovu, akasema, "Nenda ukasimame na Mwenyekiti. Wewe pata barua. Wanawake wangu wanatosha."

Nikaanza kulia. Akaniambia nikilia nilie huku nachambua, mboga haingoji. Afadhali angenitukana! Mtu akikutukana unajua mahali pa kushika. Huyu ananifungulia mlango, na mimi napita, na nachukia miguu yangu.

Nikamwambia Mama pia. Mama alisema yeye atasimama anapojua, nami nisimame ninapojua. Akauliza kama ile sketi ndefu imekauka.

Jumatano, 17 Mei

Naandika yote leo. Nisipoandika leo, kesho nitaanza kujidanganya.

Kiwanja cha shule, matope. Ajenti mmoja ameshika picha ya Mwenyekiti kwenye kijiti, mwingine ya Mama Maximilla. Nilipofika wanawake walikuwa wamejipanga tayari. Haki ya Mungu sijawahi kuona laini kama ile! Ilianzia kwa picha, ikapita goli, ikazunguka madarasa, ikafika ua wa miti ya sayprasi, ikarudi tena. Si wanawake tu. Wabeba mizigo wa soko, mafundi wa viatu, wazee na bakora zao. Mama yumo katikati na mwavuli wake mweusi, anaangalia mbele.

Laini ya Mwenyekiti haikufika katikati ya kiwanja. Vijana wa baa yake, walimu wanaoogopa kuhamishwa, Mzee Hassan na watu wa nyumba yake. Safia alikuwa wa mwisho.

Nilichelewa makusudi pale geti. Chifu akanitazama. Hakuniita, alinitazama tu, na ile tabasamu ya soda. Nikaenda. Nikasimama nyuma ya Safia.

Nelima akaniona kutoka upande ule. Maskini, alidhani nimekosea! Akanipungia mkono, akaita, "Karani, ni huku! Nasike, ni huku!" Nikaangalia kisogo cha Safia. Akaita tena. Halafu akaacha kuita, na hapo nikajua ameelewa.

Nilikuwa naomba mtu mwingine aje, yeyote, hata mlevi, asimame nyuma yangu nisiwe mkia. Hakuna aliyekuja. Nilisikia upepo tu mgongoni. Wakafunga geti.

Msimamizi wa uchaguzi akapita na karatasi yake. Kwetu alipita polepole, anagusa mabega. Kwa Mama Maximilla alitembea mpaka kwa goli, akatazama ile laini inavyozunguka, akarudi. Akaongea na Chifu. Akachukua kipaza sauti akatangaza kwamba Mwenyekiti ameshinda, tena kwa mbali.

Hata sisi wa laini yake hatukupiga makofi mara moja. Tulikuwa na macho! Halafu vijana wa baa wakaanza, walimu wakafuata, na mikono yangu — sijui. Sitaki kuandika kuhusu mikono yangu.

Wanawake hawakupiga kelele. Walikaa chini. Pale pale kwa matope, na nguo zao za kanisani, laini nzima ikakaa. Askari wakasogea na rungu. Mama Maximilla alikaa wa kwanza.

Nikadhani basi, imekwisha, niende nikajifiche. Chifu akachukua kipaza sauti.

"Nasike Makokha, njoo uchukue barua yako ya Kanada. Wananchi, mnaona? Chama kinajua watoto wake."

Alikuwa nayo mfukoni! Tangu asubuhi!

Ilibidi nivuke kiwanja chote. Kufika kwa Chifu ni kupita mbele ya wale waliokaa. Viatu vilikuwa vinanaswa na matope, kila hatua ninavuta. Hakuna aliyenitukana. Mtoto mmoja aliniita kwa jina, akanyamazishwa. Mama nilimjua kwa mwavuli, sikumtazama usoni.

Nikapokea barua kwa mikono miwili. Nikasema, asante Mzee. Hakuna aliyenilazimisha kusema asante. Ilitoka tu. Ndivyo tulivyolelewa, ukipewa kitu unashukuru.

Alhamisi, 18 Mei

Barua ninayo. Muhuri, sahihi, "msichana mtiifu na mwenye tabia njema." Nimekata tikiti ya basi, kesho kutwa asubuhi, Nairobi.

Mama ameenda sokoni bila kuniaga. Ugali wangu ameufunika kwa sahani.

Nelima amemaliza sweta. Hakuileta mwenyewe, alimpa Safia. Ina kola. Ina vifungo. Kwa nini hakuifumua? Mimi ningeifumua.

Ijumaa, 19 Mei

Mama Maximilla yuko hapa. Amekaa kwa kiti cha karibu na dirisha. Naandika huku chumbani, mlango nimeurudisha.

Amekuja na mvua. Nilipomwona nilitaka kukimbia, kupitia wapi sijui, nyumba ina mlango mmoja. Mama akampa chai. Akauliza kama mikono ya sweta imenitosha. Imenitosha. Akauliza kama nimepata tikiti. Nimepata.

Halafu akaeleza, polepole, kama mtu anayesimulia habari za jirani. Wanapeleka rufaa kwa makao ya chama Nairobi. Wanaweza kutupiliwa mbali, anajua. Lakini wakienda wenyewe wataambiwa hao wote ni watu wa laini yake, watasema nini kingine? Anahitaji mtu mmoja aliyesimama upande wa pili. Ameenda kwa walimu, wakamwomba asirudi tena. Ameenda kwa Mzee Hassan, akasema alikuwa anatazama chini, hakuona kitu. Safia alikuwa kwa kaunta anasikia yote.

Mimi nikawa naangalia sakafu. Nikangoja aniombe. Nilikuwa na majibu, nimeyapanga tangu juzi: paspoti, mwisho wa mwezi, kwamba yeye mwenyewe alinituma nikasimame kule.

Hakuniomba. Alisubiri Mama aingie jikoni, akaweka kikombe chini.

"Sijaja kukuzuia safari yako," akasema. "Nataka kujua kitu kimoja. Pale kwa laini, nyuma yako alikuwa nani?"

Nikasema nakuja. Nikaingia huku.

Mfuko uko tayari kitandani. Barua iko ndani ya sweta. Nikijibu na jina langu likaandikwa kwa ile rufaa, Chifu anapiga simu kwa watu wa paspoti kabla basi halijafika Nakuru. Nikisema sikumbuki, hatabishana. Atasema sawa mwanangu, safari njema, atavaa gumbuti zake atoke na mvua. Hilo ndilo siwezi. Na lile lingine pia siwezi. Woi, niende wapi?

Hakuna mtu. Jibu ndilo hilo, maneno mawili, hata mtoto wa nasari anaweza kuyasema, na yanatosha kuonyesha laini ya Mwenyekiti iliishia kwangu. Nimeyaandika hapa. Kuandika hapa si kusema.

Nawasikia huko. Sasa Mama ameuliza kama chai imepoa, ampashie nyingine.

Mama Maximilla amesema ngoja kwanza, Nasike anakuja.