Uliniamsha Mimi, Ukamwacha Zefania

Mama,

Shikamoo. Nina hasira na wewe. Naliandika hili kwanza kwa sababu nikilichelewesha nitalia, na nikishalia sitalisema tena.

Siku hizi naamshwa na alamu ya simu. Ni simu ileile uliyokuwa unanipigia kila alfajiri kutoka huko juu milimani. "Naki, umeamka? Moto umewasha?" Naitika macho yakiwa yamefumba, "Nimeamka, Mama," nawe hukati mpaka usikie sufuria inagonga jiko. Tangu nishuke Same kuuza chai na chapati stendi sikuwahi kutega alamu, hata sikujua inategwaje. Baada ya matanga ndipo nikaenda kwa binti wa duka la simu anionyeshe. Akanichagulia mlio wa ndege. Nikamwambia aondoe ndege, aweke mlio wowote unaokera.

Inakera kweli. Ikilia, kunatokea neno kwenye kioo, "Ahirisha." Ukiligusa simu inanyamaza, halafu baadaye inalia tena, haikuulizi kitu, haina uchungu na mtu. Kila nikiliona neno hilo namkumbuka huyo mwanao Zefania, na siku yangu inaharibika kabla sijakanda unga.

Sasa ngoja nikueleze ile asubuhi ilivyokuwa upande wangu. Upande wako nimeupata vipandevipande, tena kwa watu.

Mganga wa zahanati alikuwa ameshasema ushushwe mjini upesi, moyo umechoka, ndiyo maana miguu inavimba na pumzi inakukatika. Gari la kutoka huko kijijini Bombo ni moja tu, linaondoka alfajiri na giza lake. Kwa zile mvua, na hali yako ile, nani angekupakia kwenye pikipiki? Tukakubaliana kwamba Zefania atalala hapo nyumbani, asubuhi atakushika mkono mpaka njia panda, mtapanda wote, nami nitawapokea stendi na bajaji. Jioni yake nikampigia. Nikamwambia, "Zefania, ninakujua ukilala." Akacheka. "Dada, alamu nimeitega. Hiyo hata maiti ataamka."

Ndivyo alivyosema, Mama. Mdogo wangu wa mwisho, mtu mzima mwenye mke.

Asubuhi simu ikaita, ukawa wewe. "Naki, amka mwanangu." Nikakuuliza umeamkaje, ukasema vizuri, umeshavaa, umeshakunywa uji. Nikakuuliza, "Zefania ameamka?"

Ukasema, "Ameamka, anavaa viatu."

Basi nikaondoka na roho nyeupe. Nikapika, nikahudumia wateja, nikamwambia kijana wa bajaji asiende mbali. Gari likaingia limepakwa tope mpaka madirishani. Watu wakashuka, yakashuka magunia ya tangawizi, wakashuka kuku, nikabaki nimesimama mlangoni naangalia viti vitupu. Nikamwuliza konda kama hakumpakia mama mtu mzima aliyevimba miguu, na kijana mrefu. Akasema, "Tulipiga honi pale njia panda, dada. Tukangoja. Hakutoka mtu."

Nikakupigia, hupatikani. Nikampigia Zefania, inaita tu. Mama Eliudi, jirani yako, ndiye aliyepokea simu yangu mwishowe, na ndiye aliyenieleza. Alipita kwako asubuhi akijua mmeshaondoka, alitaka kumpelekea Baba maziwa. Akakukuta umekaa kwenye benchi nje ya mlango, umevaa kitenge chako cha kanisani, mkoba mapajani, gari limeshapita. Akashangaa. Ukamwambia, "Simu yake ililia, akaizima. Nikamwacha. Jana alishinda shambani kwenye mvua, maskini. Tutakwenda kesho."

Kabla ya adhuhuri pumzi ikagoma. Wanaume wakafunga machela, wakakubeba kwenda barabarani wakitumaini gari lolote litakalopita. Zefania alishika mti wa mbele. Hamkufika barabarani.

Msibani kila mtu alikuwa na la kuniambia. Ni mapenzi ya Mungu, Naki. Kila mtu na siku yake, Naki. Mzee mmoja wa kanisa alinishika bega akasema kazi ya Mungu haina makosa. Nikamjibu kwamba Mungu hakuizima ile simu. Shangazi akanivuta nyuma ya nyumba, akasema naaibisha ukoo. Zefania alikuwa amekaa kwenye turubai na wanaume, watu wanampa pole, wanamletea maji. Mimi nilikuwa jikoni, macho mekundu kwa moshi, napakua makande ya waombolezaji.

Lakini Zefania ninamwelewa. Ni wewe ambaye sikuelewi.

Wewe uliyeamsha nyumba nzima miaka yote. Baba masikio yake yalishazeeka, alikuwa anaamka ukimgusa kidole cha mguu. Mimi ulinivuta blanketi. Hata kwenye ule mwezi wa baridi, ukungu umeingia mpaka ndani, ulilivuta lote ukaondoka nalo, ukasema, "Mwanamke hasubiri jua." Nikaenda kisimani nikitetemeka. Nikirudi na ndoo nakukuta umekaa kwenye kitanda cha Zefania, unampapasa kichwa, unamwita kale kajina kake ka utotoni, unamngoja afungue jicho moja, halafu la pili. Chai yake umeshaifunika na kisahani isipoe. Nilikuwa nasimama pale mlangoni nakutazama. Hukuwahi kugeuka.

Sikukuonea wivu, au labda nilikuonea, sijui. Najua tu kwamba siku ile uliyotakiwa kumwita kwa sauti, kumvuta, kummwagia maji, ulimfunika. Mimi niliyekuwa mbali huku bondeni ukanipigia niamke. Yeye aliyelala nyuma ya ukuta wa udongo ukamwacha. Tena ukanidanganya. Wewe, uliyetuchapa kwa uongo wa sukari tuliyoilamba, ukaniambia anavaa viatu.

Halafu kuna siku nawaza labda uliogopa. Labda uliisikia ile simu ikinyamaza ukashukuru, maana hospitali ya mjini uliichukia tangu dada yako alazwe huko asirudi. Kama ni hivyo ungeniambia. Ningekuja juu mwenyewe, tungeogopa wote. Sasa umeniacha nakisia, na kukisia kunachosha kuliko kulia.

Tangu matanga yaishe sikuzungumza na Zefania. Akipiga sipokei. Mpaka macho ya Baba yalipoanza kuingia ukungu, ikabidi aletwe mjini yaangaliwe. Zefania akatumia simu ya Mama Eliudi, nikapokea bila kujua. "Dada, kesho namleta Baba. Nakuomba alfajiri unipigie uniamshe. Alamu siiamini tena."

Nikamwambia, "Mimi si mama yako." Nikakata.

Kesho yake niliamka kabla simu haijalia. Niliishika mkononi, nikaliangalia jina lake, nikairudisha mezani kifudifudi. Chapati nilizopika siku hiyo hata mbuzi asingekula. Wateja wakanung'unika, nikawaambia anayetaka nzuri aende kwingine. Shingo iliniuma kwa kutazama barabara.

Gari likaingia. Akashuka Baba, amevaa lile koti lake zito kwenye joto hili la Same, anapapasa ngazi kwa fimbo. Nyuma yake Zefania, tope mpaka magotini, macho yamemvimba. Nikamsalimia Baba, nikamkalisha, nikampa chai. Zefania alisimama pembeni kama mgeni. Nikamwuliza ameamkaje. Akasema, "Sikulala. Nilikaa kwenye benchi mpaka nikasikia honi."

Nikamsukumia kikombe. Hakukigusa. Akasema akiangalia chini, "Dada, asubuhi ile nilimsikia Mama. Nilimsikia anakwambia navaa viatu. Nikajua muda bado upo, maana ungekuwa umeisha angeniita."

Mama, mkono wangu ulikuwa kwenye birika. Nilitaka kulimwaga lote, sijui juu ya nani. Alikuwa macho. Ulikuwa macho. Mlikuwa nyumba moja, mmetenganishwa na ukuta, kila mmoja anamsikia mwenzake anavyopumua. Wewe unamhurumia, yeye anakungoja umwite, na honi inalia kule njia panda. Baba peke yake ndiye aliyekuwa amelala kweli, na Baba hasikii.

Angekuwa mtu mwingine ningemwambia pole. Nilimwambia, "Kunywa, twende tukawahi foleni." Akanywa huku machozi yanaingia kwenye kikombe, na mimi nikajifanya nafunga jiko. Baba akauliza kwa sauti yake ile kubwa, "Nani analia hapa?" Tukamshika huku na huku, tukaenda.

Macho yanatibika. Amepewa tarehe ya kurudi. Zefania amesema atamleta, na safari hii hakuomba apigiwe.

Sijamsamehe. Wewe pia bado, na usinijie ndotoni kumwombea mwanao radhi, maana ninakujua. Ninachoweza kukuahidi ni hiki. Baba hatakosa kliniki hata moja nikiwa hai. Zefania sitamwita alfajiri, atajiita mwenyewe, na akichelewa atauona uso wangu stendi. Na hawa wanangu wawili, wa kike na wa kiume, hakuna nitakayemhurumia mpaka nimharibu.

Kwaheri, Mama. Krismasi nitapanda huko juu kupalilia kaburi lako. Nitampa Zefania jembe, mimi nitang'oa kwa mkono, tutaanza kila mtu upande wake. Nikimaliza nitakaa hapo pembeni yako nikusimulie bei ya unga na habari za stendi, kama zamani kwenye simu. Hata kama bado sitakuwa nimekusamehe, nitakaa.

Mwanao,
Nakijwa