Kisanduku Kisichotumia Stima

Baba,

Mtambo wako wa muziki unaimba tena. Nimeona nikuambie mwenyewe, mimi Nafula wako, maana ukisikia kwa mtu mwingine kwamba ni mimi niliyelehemu nyaya zake, utacheka mpaka ukohoe.

Tulipotoka kukuzika, nyumba ya Kapsoya ilinyamaza. Hakuna aliyegusa mtambo. Mama alikuwa akipangusa vumbi juu ya spika zako na kupita upesi, kama mtu anayepita mbele ya mgonjwa aliyelala. Kisha siku moja ya mvua stima ikapotea, ikarudi kwa kishindo, ikaunguza kile kifaa cha juu ulichokuwa ukipandishia na kupunguzia sauti. Amplifaya kubwa uliyoiunda kwa mikono yako ilipona. Spika zilipona, na deki ya kaseti pia.

Nikajiambia, basi, tukiruke kilichoungua. Nikavuta waya kutoka kwa deki moja kwa moja mpaka kwa amplifaya. Nilitaka Mama asikie ile kaseti ya kwaya mliyorekodi mkiwa vijana, kabla hamjanizaa. Nikabonyeza.

Baba, nyumba ilitetemeka! Amplifaya yako haina mahali pa kupunguza. Ikipewa sauti inatoa yote. Sauti yako ya besi ilitoka kama lori linaloteremka kutoka Timboroa breki zikiwa zimekataa. Mama alikuwa amebeba chai. Kikombe kilianguka, mbwa wa jirani akaruka ua. Nilipong'oa waya, Mama alikuwa ameegemea ukuta.

"Toa hiyo kitu hapa," akaniambia. "Baba yako hakuwahi kunipigia kelele akiwa hai. Asianze sasa."

Siku hiyohiyo alimpigia simu Baba mdogo Wafula, aje Jumamosi na pikapu abebe kila kitu, apeleke kanisani kwake Timboroa. Baba mdogo hakusita. Unamjua ndugu yako. Spika zako alizipenda tangu zikiwa mbao.

Sikumlaumu Mama. Lakini sikukubali. Nilikumbuka ulivyonishikisha tochi huku umeinamia amplifaya, siku ile ulipotoka kazini na hata koti hukuvua. Uliniambia, "Volyumu haiongezi kitu, mama. Nguvu iko tayari. Volyumu ni mlango tu, unafungua kiasi unataka." Kama ni hivyo, sikuhitaji mashine nyingine ya kuchomeka ukutani. Deki ina nguvu ya kutosha, amplifaya inayo ya kuzidi. Kilichokosekana kati yao ni mlango.

Nikaenda tauni baada ya kazi, kwenye maduka ya spea za redio. Nikanunua potenshometa, kile kidude cha kuzungusha chenye pande mbili, upande mmoja kwa kila spika. Nikanunua soketi na nyaya. Sanduku nilikuwa nalo: bati la biskuti.

Mara ya kwanza niliunganisha miguu ya kidude, pale nyaya zinaposhikia, kinyume. Nikageuza kushoto ili nipunguze, sauti ikapanda! Bahati nzuri nilikuwa najaribu na vispika vya redio kuukuu, na Mama alikuwa sokoni. Nikabadilisha miguu. Sasa ikawa inapanda kulia kama inavyotakiwa, lakini yote ilikuja kwa mguso wa kwanza. Ukiendelea kuzungusha, hakuna tofauti. Niliumiza kichwa na jambo hilo. Mwishowe nikafahamu kwamba vidude hivi ni vya aina mbili. Kimoja kinagawa nguvu sawasawa kama rula, kingine kinafuata sikio linavyosikia. Kwa sauti unataka cha pili, chenye herufi A mgongoni. Mimi nilikuwa nimenunua B. Nikarudi dukani.

"Madam, hizo zote ni sawa tu," muuzaji akasema.

"Kwa macho ni sawa," nikamwambia. "Nitafutie ya A."

Alitafuta, akapata. Tukaagana tukiwa marafiki.

Halafu ukaja mngurumo. Nikishika bati, unanyamaza, nikiachilia, unarudi. Hapo sikuhitaji kuuliza mtu. Uliniambia zamani kwamba chuma kisichofungwa kwenye waya wa ardhi hudaka kila takataka iliyo hewani. Nikalifunga bati kwenye waya huo, nikakata nyaya zikawa fupi, kwa sababu kisanduku kisicho na nguvu yake chenyewe hakiwezi kusukuma sauti mbali. Mngurumo ukakatika. Baba, ukimya ule! Niliweka sikio kwenye spika nikafikiri nimesahau kuwasha.

Jumamosi, kabla Baba mdogo hajafika, nikaweka kaseti, mlango wa sauti ukiwa umefungwa kabisa. Nikamwita Mama.

"Shika wewe," nikamwambia.

"Sitaki, Nafula."

"Shika tu. Haitasema chochote mpaka wewe uruhusu."

Akafuta mikono kwenye leso. Akashika kidude kwa vidole viwili. Akageuza kidogo, kidogo tena, hata mimi sikusikia kitu, lakini yeye alikuwa ameinamisha kichwa. Sauti ilikuwa chini sana. Unajua sauti ikiwa chini besi ndiyo hufifia kwanza? Kwa hiyo wewe ulikuwa nyuma kabisa, kwa mbali, na mbele ilikuwa sauti ya msichana, alto, safi, inashika kila noti bila wasiwasi.

Mama akaniangalia. "Huyo ni mimi," akasema. "Huyo ni mimi, Nafula. Baba yako alikuwa akipiga hii kaseti kwa nguvu, besi inajaa nyumba. Sikuwahi kujisikia."

Akasikiliza wimbo wote akiwa amesimama. Ulipoanza wa pili, akageuza tena, polepole, mpaka wewe ukaja. Ulikuja, Baba. Ukasimama nyuma yake mahali pako, si kwa kelele. Mama akaketi chini kwenye zulia, akalia vizuri, kile kilio ambacho hakulia makaburini.

Baba mdogo alitukuta hivyo. Pikapu ilikuwa nje, injini inanguruma. Mama hakuinuka.

"Shemeji, zima gari ukae," akamwambia. "Spika haziendi. Lakini chai iko."

Alikaa. Alimsikia kaka yake akiimba, akavua kofia. Alipoondoka hakubeba chochote isipokuwa mayai aliyopewa na Mama, na ombi kwamba nimtengenezee kisanduku kama hicho, maana mtambo wa kanisa lao unapasua watu masikio. Bati ameshaniletea. Nitaifanya kazi hiyo, na nitaifanya vizuri.

Mama amerudi kwaya. Kila Alhamisi anarudi kutoka mazoezini akiwa na koo kavu na maneno mengi kuhusu soprano wasiofuata mdundo. Bado kuna asubuhi anaandaa vikombe vitatu. Mimi navumilia, lakini kuna siku nasikia hatua zako mlangoni na nainuka kabisa.

Pumzika sasa, Baba. Huku tunaweza. Ahadi yangu ni moja tu. Sauti yako tunayo kwa sababu kuna mtu alikumbuka kuirekodi ukiwa na nguvu. Jumapili hii nitakaa kiti cha mbele na simu yangu, nimrekodi Mama angali anaimba. Yeye hajui. Usimwambie.

Binti yako,
Nafula