Nozeli Iliyo Mfukoni mwa Baba Mkwe

Mpendwa Shangazi Specioza, naomba uivumilie barua yangu hata ikiwa ndefu, maana Jumamosi inakuja na mimi sili nikashiba. Ni fundi wa kukereza vyuma hapa Bariadi, na siku hizi kazi yangu kubwa ni kubuni nozeli za mashine za presha, kile kipande kinachofungwa kwenye ncha ya bunduki ya kuoshea magari, kwa sababu za dukani haziyawezi maji yetu ya lambo yenye mchanga, tundu linapanuka upesi na maji yanabaki kuchuruzika tu, basi mimi nikachonga yangu ya chuma kigumu, tundu dogo sana, njia ya ndani nimeisugua mpaka inateleza ili maji yasijigonge kabla ya kutoka, na ilipofungwa kwa Bundala anayeosha magari ikabandua udongo mweusi wa mbugani uliokaukia kwenye trekta tangu masika, watu wakasimama kutazama na mimi kichwa kikavimba.

Sasa Shangazi, nimeposa kijijini Nkoma, binti anaitwa Milembe, ng'ombe wa mahari tumeshakubaliana, bado kuwaswaga tu, na siku hiyo ya trekta baba yake, Mzee Mayige, alikuwa amekuja mjini kununua dawa ya kupe akanikuta pale, akatazama kwa muda mrefu akaniuliza, "Hiki kinatoa kila kitu?" nikamjibu, "Kila kitu, baba," akauliza, akiniita mwanangu kwa Kisukuma, "Hata kupe, ng'wanawane?" na mimi kwa furaha ya kusifiwa nikacheka nikasema, "Hata kupe, baba, na mayai yao." Unatujua Wasukuma, babu unaweza kumtania mpaka akurushie fimbo, lakini baba mkwe hataniwi, na kwa kuwa hataniwi yeye hakuwaza kabisa kwamba ni utani, alichukua kama neno la mkwe, akainyooshea mkono ile nozeli, nami nikampa kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akaifunga kwenye leso akaitia mfukoni mwa koti.

Tangu hapo anaitoa kila anapokwenda anawaonyesha watu, amewaalika majirani walete ng'ombe wao Jumamosi, maji ya mashine yatachanganywa na dawa na mkwe wake fundi atawaogesha wote, na Bundala amekubali kuipeleka mashine kwenye toyo, ile pikipiki ya magurudumu matatu, mimi naulizwa tu saa ya kufika. Nilipoona jambo limekuwa kweli nikachukua kipande cha ngozi kwa mchinjaji, nikafunga nozeli pacha wa ile, nikapuliza kwa umbali wa kawaida wa kuoshea, manyoya yakaruka na maji yakatokea upande wa pili. Nikachonga nyingine, nikaichana mdomo ili maji yatanuke kama ufagio, hiyo haikutoboa lakini bado ilinyonyoa, halafu ule mvuke wa maji ulinirudia wote usoni, nikawaza ingekuwa ni dawa je, na chuchu za ng'ombe je, na macho yao.

Nimemweleza baba mdogo Limbu, ambaye ndiye mshenga wangu, akasema, "Ukweni hakuna kusema nilikuwa natania. Simama mbali, nyunyiza juu juu, tutakula, tutaondoka." Nikampigia Milembe, kabla sijafika mbali akanikatiza, "Baba ameshatangaza mpaka kanisani, ukimwaibisha usitegemee nitakutetea. Mimi na Joyness mdogo wangu ndio tutakaowashika ng'ombe, wewe njoo ufanye kazi yako." Naogopa kumkosa, Shangazi, na naogopa kuua ng'ombe wa watu. Nichonge nozeli nyingine, au nijifanye mgonjwa siku hiyo? Nisaidie. Ni mimi Ndaki, Bariadi.

*

Ndaki, jibu hili nimekutumia kwenye simu siku ileile niliyopata barua yako, kwa sababu gazeti lingechelewa. Nalichapisha hapa kwa ajili ya mafundi wengine wenye midomo myepesi.

Pole. Kumkabili baba mkwe si kazi ndogo, na mimi mwenyewe ni mkwe wa watu. Lakini nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali unapowaza kuhusu mtu, sikupaona. Umewaza ng'ombe, chuchu, macho, aibu. Halafu unaniambia kwa kupita tu kwamba Milembe na mdogo wake ndio watakaowashika. Ng'ombe akiruka, bunduki inaelekea wapi? Maji yaliyotoboa ngozi ya ng'ombe yatashindwaje na kiganja cha binti? Wewe unachezea presha kila siku na hili hukuliona, na hapo nimekukasirikia.

Nimemuuliza daktari. Anasema jeraha la maji ya presha kwa juu huwa dogo, unaweza kudhani ni mchomo wa sindano, mtu akalifuta akaendelea na kazi, kumbe ndani uchafu na dawa vimeshasambaa, na akichelewa kufika hospitali anaweza kukatwa mkono. Nimemuuliza na afisa mifugo, yeye alicheka kwanza, kisha akanuna. Dawa ya kupe ni ya josho au ya bomba la mgongoni, siyo ya mashine ya kuoshea matrekta.

Kwa hiyo usichonge nozeli nyingine, na ugonjwa wa kujifanya uache. Ukiugua, Bundala ataishika bunduki mwenyewe, nozeli si tayari iko huko? Mpigie Bundala sasa hivi, mwambie mashine haitoki. Kesho asubuhi nenda Nkoma na Limbu, atake asitake, hiyo ndiyo kazi ya mshenga. Mwombeni mzee faragha, majirani wasiwepo. Usianze kujieleza habari za utani. Mpe ile ngozi uliyoitoboa aishike, apapase tundu lake kwa kidole, halafu useme, "Baba, nilisema kitu nisichokijua, nimekuja kukizuia kabla hakijakudhuru wewe na watoto." Kisha omba nozeli yako kwa mikono miwili, kama ulivyoitoa. Jumamosi nenda na bomba la mgongoni uwapulizie ng'ombe wa majirani wote mpaka mabega yakuume, wageni wa mzee wasirudi hivihivi. Na kuanzia leo, kila nozeli unayoiuza, mwambie mnunuzi ni ya kuoshea nini na isielekezwe wapi.

Milembe naye mwambie ukweli wote leo, asikukatize. Huenda akakununia. Huenda na baba yake akakasirika, akasema hampi binti yake mtu anayegeuza maneno. Hilo siwezi kukuahidi kwamba halitatokea. Likitokea niandikie, nitakuja Nkoma mwenyewe nikakuombee msamaha. Lakini usije ukaniandikia Jumapili ukiwa umekaa kwenye benchi la hospitali, unasubiri kuambiwa kama Milembe atabaki na mkono, maana barua hiyo sitakuwa na jibu lake.