Jani la Kabatini

Jumatatu, 9 Juni
Mwalimu mkuu kaniita ofisini. Mkaguzi anakuja Ijumaa mchana, atakaa darasani kwangu. Akiridhika, ajira ya kudumu. Asiporidhika — mkataba ukiisha, kwaheri. Nimempigia kaka. Kasema atasubiri hiyo Ijumaa. Nikikosa, Jumamosi anakuja na gari kumpeleka Baba nyumba ya wazee. Kwa mshahara huu wa kibarua siwezi kumwekea mtu wa kumwangalia, hilo kweli. Tangu tumzike Mama, huu mwezi wa nne, Baba kalala ameukabili ukuta. Daktari anasema miguu haina kasoro. Haina kasoro! Sasa nimtibu nini?

Jumanne, 10 Juni
Somo ni usanisinuru — mmea unavyojipikia chakula. Maji ya mizizini, hewa ya ukaa, jua ndio moto. Inatoka sukari, na akiba jani linaiweka kama wanga. Lifungie gizani, litakula akiba mpaka iishe. Iodini ndiyo shahidi: penye wanga panakuwa bluu-nyeusi, pasipo wanga panabaki kahawia. Nahitaji mimea miwili, mmoja wa juani, mmoja wa gizani siku mbili. Wa juani upo shuleni. Wa gizani sina, ila ule wa Mama, kwenye kopo la rangi pale dirishani. Moyo umeniuma, lakini sina njia nyingine.

Jumatano, 11 Juni
Nimeufungia kwenye kabati la nguo za Mama, chumbani kwa Baba. Ndipo penye giza la kweli. Magauni yake bado yananing'inia. Nikamweleza Baba kwamba ni siku mbili tu, mmea haufi. Akageuza shingo — mara ya kwanza wiki hii.

"Mmea utashinda na njaa," akasema. Kisha ukuta tena.

Nimetoka nje nikacheka, halafu nikalia. Yeye anayerudisha sahani kama ilivyokwenda!

Alhamisi, 12 Juni
Kaka kapiga tena. Anauliza Baba ana viatu vya kufunga au ndara tu. Keshaanza kufungasha, huyu. Nimemkatia simu. Jirani anayemchunguliaga Baba mchana kasafiri, kwa hiyo nafunga mlango naondoka na ufunguo. Mungu wangu, kesho iende vizuri.

Ijumaa, 13 Juni, mchana
Nimekuja mbio kuchukua mmea. Baba ukutani. Kopo lina uvuguvugu — kabati halina hewa. Udongo umelowa, labda nilimwagilia mimi, kichwa changu siku hizi chujio. Nakimbia.

Jioni
Nimeaibika mbele ya darasa zima.

Nilichemsha majani, nikayatoa ukijani kwenye spiriti ya moto mpaka yakapauka. Nikadondosha iodini. La juani likawa jeusi, wanafunzi wakapiga makofi. Nikashika la kabatini, nikatangaza kwa majigambo kwamba hili halitabadilika. Likabadilika. Jeusi tii! Mkaguzi akauliza, kwa adabu, kama kweli lilikaa gizani. Nikasema lilikuwa kabatini tangu juzi, mlango umefungwa.

"Mwalimu," akasema, "jani halijui kusema uongo."

Akaandika kitu, akafunika kalamu. Nimefika nusu ya njia nikijilaani, ndipo nikasimama katikati ya barabara hadi mwenye baiskeli akanitukana. Kweli, halijui. Wanga hauji bila jua. Kopo lilikuwa na joto. Udongo umelowa. Jirani hayupo, ufunguo ninao mimi. Nyumba ile ina mtu mmoja tu.

Kutoka kitandani mpaka kabatini. Kutoka kabatini mpaka dirishani, na kopo lililojaa udongo. Na maji akaenda kuchota. Na akaurudisha kabla sijaingia. Baba yangu!

Kazi nadhani imekwenda. Kaka anakuja kesho, na nikimwambia kuhusu jani atasema nimechanganyikiwa. Nimekaa kizingitini, naandika gotini, kopo liko pembeni. Nikifungua na ufunguo nitamkuta ameukabili ukuta, najua. Kitasa hiki kwa ndani hufunguka bila ufunguo. Kwa hiyo nimebisha hodi, nyumbani kwangu mwenyewe. Nimesema kwa sauti, "Baba, nina mmea wa Mama hapa. Nifungulie."



Nimebisha tena. Kitanda kimelia, nyayo zinakuja mlangoni —