Mti wa Noeli na Mguu wa Dada Koku

Jumanne, 10 Desemba

Kirumba, saa mbili asubuhi. Matawi ya mvinje yameanza kuuzwa kando ya barabara, jirani na wauza dagaa. Nikamuuliza muuzaji kwa nini watu huingiza mti ndani ya nyumba. "Mzee, mimi nauza. Maana waulize kanisani." Nimeliandika jibu lake lote. Ni jibu zuri.

Mhariri wangu, Neema, anataka ukurasa mzima wa Noeli. Mti, nyota, pango, mishumaa, tarehe yenyewe. Asili na maana. Maneno elfu moja na mia mbili, mwisho tarehe ishirini. Neema ana umri wa binti yangu, na anahariri vizuri kuliko wanaume wote niliowafanyia kazi.

Jioni simu kutoka Buswelu. Nesi Minza, jirani wa Dada Koku. Dada ana kidonda mguuni na hachomi sindano zake za kisukari. Wiki ya tatu sasa. Kwa nini sikuambiwa? Dada alikataza. Leo Minza ameamua kuvunja katazo.

Alhamisi, 12 Desemba

Buswelu tangu asubuhi. Kidole gumba cha mguu wa kushoto ni cheusi. Kinachofuata kinaelekea huko. Harufu inakupokea mlangoni. Kipimo cha Minza hakikutoa namba, maana sukari imepita uwezo wake wa kusoma.

Dada yangu Kokugonza ana miaka sitini na saba. Alinilea mama alipofariki. Alifundisha katekisimu kule Bukoba miaka ishirini kabla ya kuhamia huku. Miaka mitano sasa anasali na kikundi cha watu kumi hivi, kwenye chumba cha fundi cherehani wanayemwita Mtumishi. Hawaadhimishi Noeli, wanasema ni ya kipagani. Hilo nililijua. Niliona ni hiari yake.

Hili la dawa sikulijua. Alinieleza bila hasira, kama anafundisha. Mfuko wa duka la dawa una alama ya nyoka aliyejizungusha kwenye fimbo. Nyoka huyo ni wa mungu wa tiba wa Wagiriki wa kale. Yuko kwenye gari la wagonjwa. Yuko kwenye geti la hospitali. Kilichozaliwa kwa miungu ni cha miungu.

Nikasema hiyo ni alama tu.

"Ndivyo nilivyokuwa nikisema juu ya mti," akajibu.

Akafungua Biblia yake. Ndani kulikuwa na kipande cha gazeti kilichofunikwa kwa plastiki. Makala yangu ya miaka mitano iliyopita, kuhusu asili ya mti wa Noeli. Jina langu juu yake.

"Wewe ndiye uliyetufungua macho, Deo. Na wewe huandiki uongo."

Nimerudi nyumbani Kiseke. Sikula.

Ijumaa, 13 Desemba

Nimeitafuta nakala halisi. Ipo kwenye kompyuta ya zamani. Nimeisoma yote, kisha nikakisoma kile kilichochapwa.

Nusu ya kwanza: watu wa Ulaya ya kaskazini walipamba kwa majani mabichi katikati ya baridi kabla ya Ukristo kuwafikia. Warumi walikuwa na sikukuu ya jua mwezi huu. Yote yanatajwa na wanahistoria. Hakuna uongo.

Nusu ya pili ndiyo ilieleza Wakristo walifanya nini na hayo. Ilikuwa na maneno mia nne. Saa za mwisho liliingia tangazo la betri, na mhariri wa wakati ule akakata. Tunakata kutoka chini. Kila mwandishi anajua hivyo, ndiyo maana tunafundishwa kuweka lililo kuu juu. Mimi niliweka maana chini, nikiona inafaa kufunga habari. Kosa la kwanza.

La pili ni kubwa zaidi. Sikudai nusu ile ichapwe kesho yake. Watu walipiga simu kunipongeza. Nikapokea pongezi.

Ninaogopa. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo.

Jumapili, 15 Desemba

Misa ya kwanza. Mshumaa wa tatu wa Majilio, ule wa rangi ya waridi, rangi ya furaha. Niliutazama. Haukunifanya lolote.

Mchana nilikwenda hospitalini peke yangu kumwona daktari. Anasema hawezi kumchukua mtu mzima mwenye akili timamu kwa nguvu. Yuko sahihi. Nikauliza: je, tusubiri azimie? Akasema, "Mkisubiri hapo, mtamleta kuchukua cheti cha kifo tu."

Minza alifikiria kuitoa dawa kwenye mfuko wake na kuipeleka bila ile alama ya nyoka. Alijaribu jioni. Dada akauliza imetoka wapi. Minza hawezi kumdanganya anayemwita Mayu, kama Wasukuma wanavyowaita mama zao. Akarudi nayo.

Jumatatu, 16 Desemba

Kazi. Paroko asubuhi, mchungaji wa Kilutheri mchana. Nimeuliza maswali yote. Mkono uliandika wenyewe.

Mti: katika nchi za Wajerumani, zamani, tarehe 24 Desemba ilikuwa siku ya Adamu na Eva. Walicheza mchezo wa bustani ya Edeni. Mti usiopukutisha majani, kwa kuwa yalikuwa majira ya baridi, na matofaa yametundikwa. Mti wa anguko, usiku wa kuamkia kuzaliwa kwa Mwokozi. Nyota: mamajusi, watu wa mataifa, walioongozwa na kitu walichokuwa wakikichunguza siku zote. Tarehe: wapo wanaosema ilichukuliwa kwenye sikukuu ya jua. Wapo wanaosema walihesabu miezi tisa kutoka 25 Machi, siku ya kupashwa habari kwa Maria. Wataalamu hawajakubaliana. Nitaandika kwamba hawajakubaliana.

Mwisho nikamuuliza mchungaji swali lisilokuwa kwenye orodha. Nilimweleza habari ya dada. Akasema nisishindane naye. "Mwambie ulichomficha."

Nikasema sikuficha kitu. Akanimiminia chai.

Jumanne, 17 Desemba

Nimekutana na Mtumishi. Nilikwenda nikitegemea tapeli. Ningejua cha kufanya na tapeli. Nimewaandika wengi.

Huyu anashona sare za shule. Hadai sadaka. Kila asubuhi anakuja na beseni la maji ya chumvi, anapiga magoti na kuuosha mguu wa dada kwa mikono yake, harufu ile ikimpanda usoni. Hageuzi uso. Alinisalimu, "Shikamoo, mwandishi," kwa heshima kabisa. Anafundisha kwa kutumia makala yangu. Mama Leah, mjane wa kikundi chao, naye ameacha vidonge vya presha. Kwa sababu ya nyoka yule yule.

Kwa hiyo ni wawili ninaowajua.

Nilimwambia makala ilikatwa, kuna nusu nyingine. Akajibu, "Iliyokatwa, Mungu ndiye aliyeikata."

Nilitaka kumpiga. Miaka thelathini na moja ya kazi hii, nimetukanwa na kufukuzwa na mbwa, sijawahi kutaka kumpiga mtu. Nilitoka nje.

Jioni dada ana homa. Alimwita mama mara mbili. Minza anasema zimebaki siku mbili, tatu. Nimemaliza maneno.

Jumatano, 18 Desemba

Naandika haya kwenye benchi la hospitali. Nitayaandika kwa mpangilio.

Asubuhi homa ilipungua, akili ikatulia. Nikakaa kitandani pake nikamsomea nusu ya pili. Maneno mia nne. Mchezo wa Adamu na Eva, matofaa, mti wa anguko ukigeuzwa kuwa tangazo la aliyekuja kuliondoa anguko. Na sentensi ya mwisho, kwamba kitu kinaweza kuwa na asili moja na maana nyingine, na mwandishi anayetoa asili peke yake hajamaliza kazi. Niliandika hivyo mimi mwenyewe, miaka mitano iliyopita.

Nikamwambia tangazo lilivyoingia. Nikamwambia nilijua na nikanyamaza.

"Miaka mitano?"

"Ndiyo, dada."

"Nilichoma pango la baba."

Sikulijua hilo. Baba alichonga sanamu zile kwa mti wa mvule: Mtoto, Maria, Yosefu, na ng'ombe mmoja wa pembe ndefu kama wa kwetu. Kila Noeli dada alikuwa akizitandikia nyasi mbichi. Alizichoma uani, Mtumishi akiomba. Kwa kuwa ndugu yake ameandika.

"Toka," akasema.

Nikatoka. Nikakaa kizingitini na Minza. Minza akasema, "Mayu akikufukuza ujue bado ana nguvu. Kaa hapo hapo."

Mtumishi akaja na beseni lake. Dirisha lilikuwa wazi. Nimesikia kila neno.

"Mtumishi, ule msalaba hapo ukutani."

"Ndiyo, mama."

"Asili yake nini?"

Sauti ya maji kwenye beseni.

"Nakuuliza. Nimefundisha watoto miaka ishirini, jibu ninalo. Nataka la kwako."

"Warumi walikuwa wakiulia wahalifu."

"Wapagani?"

"Wapagani, mama. Lakini ule umetakaswa."

"Na nani?"

"Na Bwana."

"Msalaba aliuweza. Mti wa mvinje ukamshinda?"

Nikasikia kitambaa kikikamuliwa.

"Na dawa nayo ikamshinda?"

"Mama, ngoja tuombe kwanza..."

"Utaomba nikiwa njiani. Minza! Minza wee! Lete hilo boksi lako la dawa. Na bajaji."

Minza aliinuka kwa kasi kiasi cha kuniangusha.

Mtumishi ndiye aliyembeba hadi kwenye bajaji. Hilo nalo liandikwe. Alilia akimbeba. Nilipotaka kupanda, dada akamwambia Minza, "Huyo abaki." Nikaja na bodaboda nyuma yao.

Getini pana nyoka kwenye fimbo, amepakwa rangi ya kijani. Minza anasema dada alimtazama hadi bajaji ikapita.

Alhamisi, 19 Desemba

Wamekata chini ya goti. Alisaini mwenyewe, mwandiko wake wa ubaoni, kila herufi mahali pake.

Daktari anasema sumu ya kidonda imeingia kwenye damu. Tungemleta wiki iliyopita ingekuwa vidole viwili tu. Nilimwomba arudie, ili niwe na hakika nimesikia sawasawa. Akarudia.

Ijumaa, 20 Desemba

Nimetuma ukurasa. Nimeanza na maana, asili ikafuata chini. Neema akapiga simu, "Kaka Deo, mbona umeanza na mwisho?" Nikamwambia akipata tangazo akate kutoka chini, hakuna mtu atakayeumia.

Jumamosi, 21 Desemba

Hajitambui. Kupumua kwa haraka. Mrija puani, mwingine mkononi. Wananiruhusu kuingia dakika chache.

Nimejaribu kuomba. Sijui kuomba, najua kuuliza. Nimeuliza. Hakuna aliyejibu kwa namna ninayoweza kuinukuu.

Kama akifa, nitakuwa nimemuua kwa nusu ya makala, nyingine ikiwa ndani ya kompyuta yangu. Hakuna mahakama itakayonishtaki.

Jumapili, 22 Desemba

Hali ile ile. Minza amenilazimisha kunywa uji. Ukurasa umetoka leo. Sikuufungua.

Jumatatu, 23 Desemba

Homa imeshuka kidogo. Daktari hataki kusema chochote. Nami sikumlazimisha, kwa mara ya kwanza maishani nimemwacha mtu asijibu.

Jumatano, 25 Desemba

Aliamka jana mchana. Sukari imeshuka hadi kumi na moja. Leo asubuhi kwaya ya wauguzi ilipita wodini. Alisikiliza hadi mwisho, midomo ikifuata maneno. Aliongea na Minza, na daktari, na mgonjwa wa kitanda cha pili. Na mimi, hapana.

Yu hai. Nimeliandika mara moja na inatosha.

Jumamosi, 4 Januari

Mtumishi alikuja kumwona wiki hii. Alikaa kando ya kitanda, akamwomba msamaha. Dada akamwuliza amsamehe nani kwanza, maana wanaosubiri wako foleni. Kisha akanitazama. Ndiyo mara ya kwanza amenitazama.

Baadaye akauliza kama Mama Leah amerudia vidonge vyake. Nikasema bado. Nimekwenda kwake mara mbili, hafungui mlango. Mtumishi naye amekwenda. Mama Leah hamwamini tena, wala haamini dawa.

"Wewe hatakufungulia," dada akasema. "Wewe ni mtu wa gazeti. Nitakwenda mimi, auone huu mguu."

Nikamwambia bado hajapona. Akaniambia hajanisamehe pia, kwa hiyo nisimpangie.

Saa tisa alikuja fundi wa magongo na futi yake. Alitaka dada asimame ili apime kutoka kwapani hadi sakafuni. Hakukuwa na cha kushika. Dada akaniashiria nisogee. Akaweka mkono begani mwangu, akainuka na uzito wake wote. Tulisimama hivyo. Fundi alipima, akaandika, akapima tena kwa hakika.

Yatakuwa tayari Jumanne.